Mstahiki Meya ni Nani?

Maisha ya Sheikh Kaluta Amri Abedi na kiti alichokikalia

Mazungumzo kwa viongozi wa jumuiya na wajumbe wa mitaa, Kinyerezi, Dar es Salaam



I. Kwa nini tuzungumze habari za Meya

Kila mara tunapokutana hapa Kinyerezi kuzungumzia mambo ya haki, maneno yetu huishia mahali pamoja. Mmoja husema barabara imekatika kwa mvua. Mwingine husema maji hayafiki kilimani. Wa tatu huuliza mkopo wa vikundi vya akina mama umekwama wapi. Na mwisho wake tunasikia: "Meya yuko wapi?" Wengine husema, "Diwani yuko wapi?" na wengine, kwa uchovu, "Serikali iko wapi?"

Swali hilo ni la haki kabisa. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaoweza kueleza Meya ni nani, anapewa kiti chake na nani, ana mamlaka juu ya jambo lipi, na juu ya jambo lipi hana. Mtu asiyejua mlango wa kugonga atachoka kugonga ukuta. Naye aliyemo ndani atakuwa na udhuru wa kusema kwamba hakusikia hodi.

Kwa sababu hiyo tumechagua kuzungumza leo juu ya kiti hicho kwa njia ya maisha ya mtu mmoja aliyekikalia. Sheria peke yake ni kavu, ilhali maisha ya mtu huonyesha sheria ikitembea. Mtu huyo ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Baada yake tutatazama yaliyokipata kiti chenyewe, tutachungulia miji miwili ya pembezoni huko Marekani, kisha tutarudi Kinyerezi kujiuliza yatupasayo.

Huenda mtu akauliza: je, ni vema sisi katika ukumbi huu kumchukua sheikh wa Kiislamu awe mfano wetu? Tunajibu kwamba ni vema. Haki haina msikiti wala kanisa lake peke yake. Mfereji uliotengenezwa vizuri hupitisha maji mbele ya nyumba za wote, na ule ulioziba huwafurikia wote vilevile.

II. Mtoto wa Ujiji

Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924 huko Ujiji, mkoani Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ujiji ni mji wa kale wa Waswahili ulio mbali sana na pwani. Huko ndiko ilikofikia njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na huko ndiko watu wa kabila nyingi, wakiwemo waliovuka ziwa kutoka Kongo, walikokutana na kufanya Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo hujifunza mapema kwamba jirani yake si lazima awe wa ukoo wake.

Katika ujana wake alijiunga na jumuiya ya Waahmadiyya, akawa mhubiri wake. Jumuiya hiyo ilikuwa ndogo, na Waislamu wengi hawakukubaliana na mafundisho yake. Hatutaji jambo hilo ili tuingie katika mabishano yasiyotuhusu. Tunalitaja ili lieleweke kwamba mtu huyu hakubebwa na wingi wa watu wa dhehebu lake. Alipopata kuaminiwa, aliaminiwa na watu waliokuwa tofauti naye.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa ya kalamu. Alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Sheikh Mubarak Ahmad katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyochapishwa Nairobi mwaka 1953. Mwaka uliofuata, 1954, kilitoka kitabu chake mwenyewe, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kwa kitabu hicho alieleza kwa utaratibu kanuni ambazo washairi walikuwa wakizifuata kwa kusikia na kuiga: vina, mizani, mishororo na beti. Tangu hapo wanafunzi na walimu wa ushairi, wanaokubaliana naye na wanaompinga, wamelazimika kuanzia kwake. Miaka hiyohiyo ya katikati ya 1950 alikwenda Rabwah, Pakistani, kusoma elimu ya dini, kisha akarejea nyumbani.

Yafaa tutulie kidogo juu ya kitabu hicho, maana kinatufundisha kitu juu ya uongozi. Mtunzi wa mashairi ya kimapokeo hawezi kusema lolote kwa jinsi yoyote. Amefungwa na hesabu ya mizani, na msikilizaji anayejua kuhesabu atamkamata akipunguza au akizidisha. Uongozi wa mji nao una mizani yake. Makusanyo yanahesabika, matumizi yanahesabika, na mwananchi anayejua hesabu ana haki ya kusema, "Hapa mizani haikutimia." Mtu aliyeandika kitabu kizima ili kanuni za sanaa ziwe wazi kwa kila anayejua kusoma alikuwa ameanza kuelewa utawala wa haki. Kanuni zikijulikana na wachache huwa silaha yao, na zikijulikana na wote huwa ngao ya wote.

III. Meya wa kwanza Mwafrika

Ili tupime uzito wa mwaka 1960, hatuna budi kukumbuka mji ulikuwaje. Dar es Salaam ilipata hadhi ya Manispaa mwaka 1949. Chini ya wakoloni mji uligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa kwenye viwanja vikubwa vya ufukweni na Oyster Bay. Wahindi walikaa katikati, penye maduka. Waafrika walikaa Kariakoo, Ilala, na baadaye Magomeni, Temeke na Kinondoni. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kuwa mpaka kati ya Uhindini na Uswahilini. Taa, mifereji na lami vilifuata ramani hiyo. Fundi aliyejenga nyumba za mjini, mpagazi wa bandarini na mwanamke aliyeuza vitumbua asubuhi hawakuwa na sauti katika baraza lililoamua taka zizolewe wapi na ziachwe wapi.

Ndani ya mji huo, mwaka 1960, Sheikh Amri Abedi alikalia kiti cha Meya akiwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Hakuwa tajiri wa maduka wala ofisa aliyepandishwa cheo na serikali ya kikoloni. Alikuwa mhubiri, mshairi na mtu wa harakati za TANU. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Dar es Salaam ikapewa hadhi ya Jiji.

Kwa sheria, kiti hicho hakikuwa na mamlaka makubwa. Katika desturi tuliyorithi kutoka Uingereza, Meya huchaguliwa na madiwani wenzake, huongoza vikao vya baraza, huvaa mkufu na joho, hupokea wageni. Kazi ya kila siku hufanywa na watumishi wa kuajiriwa. Mtu anaweza kusema, basi palikuwa na faida gani Mwafrika kukikalia? Faida ilikuwa kwamba mtu wa Uswahilini aliweza kuingia katika jumba lile la mji na kumkuta mwenye kiti anayesikia lugha yake bila mkalimani. Pale ambapo watu walizoea kupewa amri, wakapata mahali pa kutoa hoja.

Sheikh Amri hakukaa muda mrefu. Taifa changa lilikuwa na uhaba wa watu, naye aliitwa kazi nyingine: kuongoza Jimbo la Magharibi, kisha kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1963, na mwaka 1964 kuwa Waziri wa Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Mwezi Oktoba 1964 alifariki huko Ujerumani ya Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Arusha walilipa jina lake uwanja wao wa michezo, na vijana wengi wanalijua jina la Sheikh Amri Abeid kwa sababu ya mpira. Tungependa walijue pia kwa sababu ya kiti cha Meya.

IV. Yaliyokipata kiti baada yake

Ndugu wapendwa, sasa tunafika kwenye sehemu ya mazungumzo yetu inayohitaji usikivu. Kiti alichokikalia Sheikh Amri kimeondolewa au kupinduliwa mara tatu, na kila mara uamuzi ulitoka juu.

Mara ya kwanza ilikuwa katika mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972. Halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, za wilaya kwanza na za miji baadaye, na kazi zake zikapewa watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani. Jina la mpango lilisema madaraka yanakwenda kwa wananchi. Ukweli ni kwamba yalikwenda kwa maofisa. Miji iliumia: mifereji iliziba, taka zilirundikana, na magonjwa ya mlipuko, kikiwemo kipindupindu, yakaonya kwamba mji hauwezi kuendeshwa bila baraza lake. Mwaka 1978 Bunge lilitunga sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za serikali za mitaa, Namba 7 kwa mamlaka za wilaya na Namba 8 kwa mamlaka za miji. Katiba yetu nayo, katika Ibara ya 145 na ya 146, inasema kwamba vyombo hivyo vitakuwepo, na kwamba shabaha yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1996. Huduma za Jiji zilikuwa zimezorota vibaya, na wananchi wengi walikuwa wamekata tamaa. Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja Baraza la Jiji, na mahali pake ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tusiwe wepesi wa kulaumu. Tume hiyo ilifanya kazi iliyoonekana kwa macho: taka zilizolewa na barabara zilitengenezwa, na wengi waliipongeza. Hata hivyo swali la haki linabaki. Kama mfereji ukizibuliwa na mtu ambaye huwezi kumchagua wala kumwondoa, utafanya nini siku atakapoacha kuuzibua? Mwaka 2000 kipindi cha Tume kilikwisha. Jiji likagawanywa katika manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, kila moja na Meya wake, na juu yake Halmashauri ya Jiji na Meya wa Jiji, Kleist Sykes, mtoto wa Abdulwahid Sykes aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Baadaye zikaongezeka manispaa za Ubungo na Kigamboni.

Katika kipindi hicho tuliona pia jinsi kiti kinavyoweza kugombaniwa hadi maana yake ipotee. Baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015, uchaguzi wa Meya wa Jiji uliahirishwa tena na tena, mpaka Machi 2016 alipochaguliwa Isaya Mwita wa upinzani. Januari 2020 alipigiwa kura ya kuondolewa, katika kikao ambacho uhalali wake ulibishaniwa vikali. Hatukuja hapa kuamua chama gani kilikuwa na haki. Tunasema tu kwamba miezi ile yote ya mvutano, mwananchi wa kawaida hakuulizwa neno.

Mara ya tatu ilikuwa Februari 2021. Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Aliyekuwa Meya wa Ilala, Omary Kumbilamoto, akawa Meya wa Jiji. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza gharama za chombo kilichoonekana hakina mradi wala eneo lake, na hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini tazameni matokeo yake kwetu. Tangu siku ile, mtu wa Sinza yuko Ubungo, mtu wa Mbagala yuko Temeke, nao hawamo katika halmashauri inayoitwa Jiji. Sisi wa Kinyerezi, ambao babu zetu hapa waliona mashamba na vichaka, ndio tumo ndani ya halmashauri ya Jiji. Kiti alichokikalia Sheikh Amri sasa ni kiti chetu. Ni kiti cha Kariakoo, na ni kiti cha Kinyerezi.

V. Mameya wawili wa pembezoni mwa miji ya Marekani

Kabla hatujauliza tukifanyie nini kiti hicho, tutoke nje kidogo. Katika miaka ya karibuni, wanawake wawili waliozaliwa Somalia wamekuwa mameya wa miji midogo iliyo pembezoni mwa miji mikubwa huko Marekani, kama Kinyerezi ilivyo pembezoni mwa Dar es Salaam.

Wa kwanza ni Deqa Dhalac. Aliondoka Somalia vita vilipokaribia, na mwishowe akafanya makazi yake katika jimbo la Maine. Mwaka 2018 alichaguliwa kuingia katika baraza la mji wa South Portland, na Desemba 2021 madiwani wenzake walimchagua kuwa Meya. Wa pili ni Nadia Mohamed. Familia yake ilikimbia vita ikapata hifadhi Kenya, kisha ikahamia Marekani yeye akiwa mtoto wa miaka kama 10. Alikulia St. Louis Park, mji wa watu wapatao 50,000 ulio ubavuni mwa Minneapolis. Mwaka 2019, akiwa na miaka 23, aliingia katika baraza la mji. Novemba 2023, akiwa na miaka 27, wakazi walimpigia kura ya moja kwa moja kuwa Meya wao.

Tumewataja kwa sababu mbili. Kwanza, wote wawili hawakuanza na Umeya. Walianza kwa kuwa wakazi waliojulikana na majirani, wakawa madiwani, ndipo wakaaminiwa kiti. Ndivyo alivyokuwa Sheikh Amri: watu walijua kazi yake kabla ya cheo chake.

Pili, wote wawili waliongoza miji ambamo Meya hasimamii mwenyewe kazi za kila siku. Kuna meneja wa mji, mtaalamu wa kuajiriwa, kama sisi tulivyo na Mkurugenzi. Mmoja alichaguliwa na madiwani, mwingine na wananchi wote, lakini huko kote meneja huajiriwa na baraza lenyewe. Akishindwa kazi, baraza lililomweka laweza kumwondoa. Kwetu sivyo. Mkurugenzi wa Jiji huteuliwa na Rais. Baraza la Madiwani laweza kumhoji na kumlalamikia, lakini halikumwajiri. Tukitafuta mahali ambapo kamba ya uwajibikaji kati ya mwananchi na ofisi ya Jiji imelegea, ni hapo. Wengi hudhani tatizo letu ni kwamba hatumchagui Meya kwa kura zetu wenyewe. Huenda tatizo kubwa zaidi ni kwamba huyo tunayemwita Mstahiki hana nguvu juu ya anayeshika kalamu ya malipo.

VI. Meya anaweza nini, na hawezi nini

Basi turudi kwenye malalamiko yetu, tuyapeleke kila moja mlangoni kwake.

Barabara za mitaa tunazopita kwa miguu tukienda kupanda daladala haziko tena mikononi mwa Halmashauri. Tangu mwaka 2017 ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Maji yako chini ya DAWASA. Umeme uko chini ya TANESCO, na hapa tuna jambo la kutafakari. Mitambo ya gesi ya Kinyerezi, ile ya kwanza iliyoanza na megawati 150 na ile ya pili yenye megawati zipatazo 240, hupeleka nguvu katika gridi ya Taifa kwa gesi inayosafiri kwa bomba kutoka kusini. Jina la kata yetu linatajwa nchi nzima kila umeme unapozungumzwa. Lakini kutajwa si kusikilizwa.

Kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo cha fedha za miji tangu zamani, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Mama anayenunua umeme wa shilingi elfu tano anaona uniti zimepungua. Analipa kodi ya mji wake pasipo kukutana na mtu wa mji wake.

Je, Meya na Baraza wamebakiwa na nini? Wamebakiwa na mengi kuliko tunavyodhani. Shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati na vituo vya afya, masoko, uzoaji wa taka, leseni za biashara na ushuru wake, vibali vya ujenzi, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: hayo yote hupita mezani pa Baraza. Meya ndiye mwenyekiti wa Baraza hilo, na wa Kamati ya Fedha na Uongozi. Hata pale asipokuwa na mamlaka anayo sauti. Anaweza kumwita meneja wa wakala mbele ya madiwani aeleze kwa nini daraja la mtaa fulani limesimama nusu. Meya anayesema, "Hilo si langu," akanyamaza, amesema kweli nusu. Nusu ya pili ni kusema ni la nani, na kwenda naye mwananchi mpaka huko.

Twajua pia udhaifu wa pande zote. Wako madiwani wanaokumbuka kata yao wakati wa kampeni. Wako watumishi wanaofanya taarifa ya mapato na matumizi kuwa siri. Na tuko sisi, tunaojaa kwenye ufunguzi wa mradi na kukosekana kwenye mkutano wa mtaa. Mkutano huo ndio mahali pekee ambapo sheria inatupa nafasi ya kusimama, si kwa kupitia mwakilishi bali kwa midomo yetu wenyewe.

VII. Yatupasayo

Tunatoa mapendekezo manne, nayo si mazito.

La kwanza: tuhudhurie mkutano mkuu wa mtaa, na tudai taarifa ya mapato na matumizi isomwe na kubandikwa. Kuuliza juu ya fedha za wote si utovu wa adabu. Mwenyekiti mwema hushukuru akiulizwa, maana swali humpa nafasi ya kujisafisha.

La pili: tumwombe Diwani wetu, awe wa chama chochote, arudi kwetu baada ya kila kikao cha Baraza aeleze yaliyoamuliwa. Tukumbuke pia kwamba mikutano ya Baraza ni ya wazi. Vijana wetu watatu au wanne wakikaa kwenye viti vya wasikilizaji, wakaandika na kutusomea, watafanya kazi kubwa kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

La tatu: wakati wa uchaguzi wa mtaa na wa diwani, tumtazame mtu alivyokuwa kabla ya kutafuta cheo. Je, ameishi nasi? Ametimiza ahadi ndogo? Amewahi kusema kweli iliyomgharimu? Kwa kuwa Meya hutoka miongoni mwa madiwani, tukichagua diwani kwa fulana na kilo ya sukari, tumekwisha kuchagua na Meya wa namna hiyo. Tusije tukashangaa baadaye.

La nne: lipo jambo la kusema kwa pamoja kama raia, kwa amani na bila woga. Chombo cha wananchi kikikosea, kirekebishwe mbele ya wananchi na kwa kura yao. Mara tatu katika maisha ya wazee waliomo humu ukumbini, baraza la mji huu limevunjwa au kubadilishwa kwa tangazo. Pengine kila mara palikuwa na sababu. Lakini mtoto anayebebwa kila anapojikwaa hachelewi kusahau kutembea. Tuombe, kupitia kwa wabunge wetu na kila mara Katiba inapozungumzwa, kwamba mabadiliko ya namna hiyo yatanguliwe na kuwasikiliza wakazi, na kwamba Baraza lipewe nguvu ya kweli juu ya watendaji wake.

Ndugu zetu, neno "Mstahiki" tunalolitanguliza mbele ya jina la Meya lina maana ya mtu anayestahili. Halisemi kwamba anastahili kuogopwa. Linasema amepimwa na watu, wakamwona anafaa kukabidhiwa mambo yao. Basi kazi ya kupima ni yetu, na haiwezi kufanywa na mtu mwingine kwa niaba yetu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika mtaa wetu mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini, na nani kati yetu alihudhuria?

2. Taja tatizo moja la mtaa wetu. Ni la Halmashauri, la TARURA, la DAWASA, au la nani? Nani atakwenda kuuliza, na atatuletea jibu siku gani?

3. Sheikh Amri Abedi aliaminiwa na watu wasio wa dhehebu lake. Je, sisi tunaweza kumchagua mtu mwadilifu asiye wa dini yetu, kabila letu au chama chetu? Kinachotuzuia ni nini?

4. Wanawake na vijana wa jumuiya yetu wamepata mikopo ya Halmashauri? Kama hawajapata, wamekwama wapi, na tutawasaidiaje?